Tendo la ndoa lina shida: umwambie nesi, dokta bingwa, kungwi au muuza dawa?

Mwanamke akipata shida kwenye tendo la ndoa, iwe maumivu, ukavu, hamu imeisha kabisa au damu inatoka baada ya kukutana na mume, kabla hata hajajiuliza ni ugonjwa gani anajiuliza kwanza namwambia nani jamani. Na hapo ndo watu wanakwama miaka, mtu ana watoto watatu na hajawahi kulala na mumewe bila kuuma na hakuna binadamu amewahi kumwambia. Nimeandika hii kwa ajili yake. Nimeweka sehemu tunazoweza kwenda huku kwetu Tanzania, moja kando ya nyingine, ipi inafaa kwa shida gani na ipi itakupotezea muda, na pale ambapo nina msimamo nitasema wazi kwa sababu nikisema "inategemea" kila mahali nitakuwa sijakusaidia kitu.

Jambo la kwanza, usikae kusubiri dokta akuulize. Kuna utafiti ulifanyika Marekani ukatoka 2012, madaktari wa kinamama zaidi ya 1,000 waliulizwa huwa wanawauliza nini wagonjwa wao. Asilimia 63 hivi walisema wanauliza kama mgonjwa anashiriki tendo, asilimia 40 wanauliza kama kuna tatizo lolote, wanaouliza kama mwanamke anaridhika hawakufika hata 30, na wanaouliza kuhusu raha yenyewe walikuwa kama 14 tu. Hao ni watu ambao mgonjwa anakuja kwa miadi na chumba kina mlango. Sasa fikiria dokta wetu ambaye benchi nje limejaa tangu saa 12 asubuhi. Kwa hiyo popote utakapochagua kwenda, mada utaianzisha wewe, na huko chini nimeweka maneno ya kuanzia.

Jambo la pili ni namna ya kupima shida yako ni ya ngazi gani. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Annon, mwaka 1976 alipanga msaada wa mambo haya kwenye ngazi nne na mpaka leo wahudumu wengi wanafundishwa hivyo. Ngazi ya kwanza ni ruhusa, yaani unaonyeshwa kwamba hili jambo linazungumzika hapa na hauko peke yako. Ya pili ni maelezo machache ya mwili unavyofanya kazi. Ya tatu ni ushauri wa shida yako wewe hasa, fanya hiki acha kile. Ya nne ni tiba ya kina, ya muda mrefu, ya mtu aliyesomea. Wengi wetu tukipata zile mbili za kwanza tunapona nusu ya shida, na hizo hazihitaji bingwa wala hospitali kubwa. WHO nao mwaka 2015 walitoa mwongozo kwamba mazungumzo mafupi ya aina hii yafanyike kwenye huduma za msingi na wahudumu wafundishwe namna ya kuyafanya. Kwa hiyo ukienda na shida hii zahanati hujapotea njia wala humsumbui mtu.

Nesi wa uzazi wa mpango au dokta bingwa

Kwa mtu anayeanza kabisa, mi nampa kura nesi. Yule nesi mkunga wa chumba cha uzazi wa mpango, kwenye zahanati au kituo cha afya. Ukiingia mle mada tayari ni hiyohiyo, yeye kutwa nzima anaongelea kondomu, vijiti, sindano, nani anapata ujauzito nani hapati, hakuna utakachosema kikamshtua, kwa hiyo ile aibu ya kuanza inapungua sana. Halafu huduma ya uzazi wa mpango kwenye vituo vya serikali ni bure na hauhitaji barua ya rufaa. Na kubwa kuliko yote ambalo wengi hawalijui ni kwamba shida nyingi za tendo zinatokana na vitu ambavyo viko mikononi mwake yeye.

Chukua sindano ya miezi mitatu. Kwa baadhi ya wanawake, sio wote, inashusha hamu na inaleta ukavu, mtu anakaa anajilaumu kwamba siku hizi simpendi mume wangu kumbe ni njia tu haijamkubali, na nesi anaweza kumbadilishia. Au kitanzi, mume analalamika kuna kitu kinamchoma, mke anaogopa anafikiria kukitoa, na kumbe ni ule uzi tu, nesi anaukata uwe mfupi zaidi au anauweka vizuri ukunjike kule nyuma ya mlango wa kizazi na mmemaliza. Au mama anayenyonyesha, huyu ndo anateseka kimyakimya kuliko wote, kwa sababu ile homoni inayotengeneza maziwa ikiwa juu estrojeni, ile homoni ya kike, inashuka na uke unakuwa mkavu kama wa mtu aliyekoma hedhi, tendo linauma, hamu haipo, usingizi haupo, mume anaanza kuwaza vingine, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hiyo ni kawaida na itapita, na kwamba kuna jeli ya maji ya kulainisha inayouzwa famasia. Sentensi mbili za nesi zinaweza kuokoa nyumba.

Na kwa waliojifungua, watu wanaulizana sana "ni siku ngapi". Hakuna tarehe moja ya wote. Wengi wanashauriwa wasubiri wiki 4 mpaka 6, damu iwe imekata na kidonda kimepona, iwe uliongezewa njia, ulichanika au ulipasuliwa. Ile kliniki ya wiki ya sita ambayo watu wanaenda kwa ajili ya mtoto, hapo ndo pa kuuliza, na ukiuliza mwambie nesi akuangalie mshono kabla hujapanda kitandani na mtu.

Sasa nisimsifie tu. Nesi anaweza kuwa na haraka, anaweza kuongea kwa sauti mpaka benchi la nje likasikia, na kama wewe ni binti hujaolewa anaweza kuanza na "umeolewa?" kwa sauti ile unayoijua na ukatamani kutoka. Hiyo ipo na inaumiza. Kama ndo hali yako tafuta kituo chenye huduma rafiki kwa vijana, vipo, uliza mapokezi siku na chumba, wale wamepewa mafunzo ya kukusikiliza bila kukuhubiria. Na kama unatumia ARV, nesi wa CTC, ile kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ndo mtu wako wa kwanza, yeye ndo atakueleza kwamba ukinywa dawa vizuri na virusi vikawa havionekani kwenye kipimo humwambukizi mwenza kwa njia ya ngono, maana hofu peke yake inaua hamu za watu wengi sana.

Bingwa sasa. Kuna shida ambazo nikisikia sisemi anza kwa nesi, nasema tafuta dokta wa kinamama, na kama mlango wa kumfikia ni rufaa basi nenda ukaombe rufaa ukijua unachoombea.

Damu inayotoka baada ya tendo, hii usiifanyie subira hata mwezi. Inaweza kuwa kitu kidogo, maambukizi au kinyama kwenye mlango wa kizazi, lakini inaweza pia kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi na hiyo ikiwahiwa inatibika. Hapa nesi na bingwa wanafanya kazi pamoja, kwenye vituo vingi kuna uchunguzi wa kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama pana rangi nyeupe, ni dakika chache tu, na wakiona kitu unapelekwa mbele, kwa Dar ukiambiwa Ocean Road, hospitali ya saratani, usizimie, kwenda kule hakumaanishi umekufa. Cha muhimu mwambie anayekupima hivi hivi, "natokwa damu nikikutana na mume wangu." Ukisema tu "nina matatizo ya hedhi" utatibiwa hedhi.

Maumivu ya ndani, yale ya chini ya tumbo mume akiingia sana, hasa kama na hedhi nayo inakulaza kitandani, hayo pia ni ya bingwa. Yanaweza kuwa maambukizi kwenye kizazi na mirija, yanaweza kuwa uvimbe, inaweza kuwa endometriosisi, yaani nyama kama ile ya ndani ya kizazi inaota nje yake, ambayo WHO wanakadiria iko kwa karibu asilimia 10 ya wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Kitu kimoja ukishike kichwani, endometriosisi inaweza isionekane kwenye altrasaundi. Kwa hiyo ukiambiwa "picha iko safi, huna kitu" na maumivu yako palepale, usiondoke kimya. Sema "Dokta nimeelewa hakuna uvimbe, ila bado naumia, hatua inayofuata ni ipi?" Hiyo sentensi ni ya heshima na inamrudisha dokta kwenye shida yako.

Halafu kuna wale ambao haiingii kabisa. Wameoana, miezi inapita, kila wakijaribu mwili wa mke unajikaza kama umefungwa, mke analia, mume anajiona hatakiwi, na ndugu wakijua wanaanza kusema jini mahaba, amefungwa, apelekwe kwa mganga. Hii inajulikana hospitali na ina matibabu. Ni misuli ya nyonga inajikaza yenyewe bila mtu kutaka, sababu inaweza kuwa hofu, maumivu ya zamani, ukatili aliofanyiwa utotoni, na mara nyingine hakuna sababu inayojulikana. Matibabu yake ni ya taratibu, mazoezi ya kuilegeza ile misuli, fiziotherapia, vifaa laini vya kuzoesha uke kidogo kidogo kuanzia kidogo kabisa, na ushauri nasaha. Kwenye orodha mpya ya magonjwa ya WHO iliyoanza kutumika Januari 2022 shida hii imewekwa kwenye sura ya afya ya tendo, imetolewa kule kwa magonjwa ya akili. Kwa hiyo binti asiambiwe ni kichwa chake, na asilazimishwe, maana kila akilazimishwa misuli inajifunza kukaza zaidi.

Na waliokeketwa. Takwimu za kitaifa zilionyesha asilimia 10 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 mwaka 2015-16, na 8 mwaka 2022, na mikoa inayoongoza ni ile ya Manyara, Dodoma, Arusha, Singida na Mara. Sheria ya 1998 inakataza kumkeketa binti chini ya miaka 18, na wewe uliyekeketwa hukuvunja sheria yoyote, usiogope kumwonyesha dokta. Kovu linaweza kuuma, linaweza kubana, na mengine yanafanyiwa upasuaji mdogo wa kufungua. Hapa nachagua bingwa na namchagua yule anayeongea kwa upole, hata kama ni kusubiri wiki mbili zaidi.

Akina mama waliokoma hedhi pia msijifungie ndani. Umri wa miaka 50 na kitu, uke mkavu, mkojo unachoma, tendo linauma kama kidonda, wengi wanaambiwa "sasa we bado unataka nini". Unataka kuishi na mumeo vizuri, ndo unachotaka. Kuna krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni ambayo dokta anaweza kukuandikia baada ya kukuuliza historia yako, hasa kama umewahi kuwa na saratani ya titi. Hii sio ya kununua kiholela.

Upungufu wa bingwa ni muda na macho yake. Amezoea kutafuta uvimbe, akikosa anaona kazi imeisha. Kama shida yako imetokana na kubakwa, kupigwa, au huzuni nzito, bingwa wa kizazi peke yake hatoshi, omba kuunganishwa na idara ya afya ya akili au ustawi wa jamii wa hospitali hiyo, na kwa mambo ya ukatili kuna vituo vya mkono kwa mkono ambapo dokta, polisi na mshauri wanakaa sehemu moja ili usirudie hadithi yako mara kumi. Hiyo ndo ile ngazi ya nne.

Serikali au binafsi

Hapa nitapita haraka. Hospitali binafsi unanunua muda na mlango unaofungwa, hununui elimu bora ya dokta, maana mara nyingi ni walewale, asubuhi yuko hospitali ya mkoa jioni yuko kliniki yake. Kama shida yako ni ya kuongea tu na hela ipo kidogo, kikao kimoja binafsi kinaweza kukufaa kuliko foleni tano. Ila kama shida itahitaji vipimo, upasuaji au kurudi rudi, anzia serikalini ili faili lako likae sehemu moja.

Hospitali zinazofundisha, kama Muhimbili, KCMC na Bugando, zina kitu kimoja cha kujua, wanafunzi wanaweza kuwa ndani. Wanafunzi lazima wajifunze na mi naheshimu hilo, ila una haki ya kusema "Dokta naomba hili tuongee wawili." Hawatakufukuza. Na pale wahudumu wanapoingia na kutoka kuchukua mafaili, omba wafunge mlango kwanza ndo uanze kuongea.

Dokta wa kike au wa kiume

Najua wengi mnataka wa kike na ni haki yako kuomba, kwa sababu ya dini, kwa sababu ya historia yako, au kwa sababu tu hutaki, hauhitaji kujieleza. Waulize mapokezi mapema, usisubiri umeshavua nguo. Ila nitoe maoni yangu kwa moyo wote, usiache matibabu kwa sababu siku hiyo yupo wa kiume tu. Wapo madaktari wa kiume wapole ambao hawajawahi kupitia haya na kwa sababu hiyo wanauliza vizuri na wanasikiliza mpaka mwisho, na wapo wa kike ambao kwa kuwa wao walivumilia wanategemea na wewe uvumilie. Kigezo changu mi ni hiki: je, alikwambia anachotaka kufanya kabla hajakugusa? Aliuliza kama uko tayari kuendelea, alikufunika shuka, alisimama uliposema inauma? Huyo mshike, awe nani.

Kama ni wa kiume na anataka kukupima kwa vidole au kuingiza kile chuma cha kuangalia mlango wa kizazi, mwambie aite nesi asimame humo ndani. Hilo ni jambo la kawaida kabisa la kazi yao, dokta mzuri anafanya hivyo bila kuombwa. Na omba kile chuma kidogo kama tendo lenyewe linakuuma, vipo vya saizi tofauti. Ukiona dokta anauliza maswali ya tendo ambayo hayaelekei kwenye shida uliyoleta, mnafanyaje, mara ngapi, ukoje ukiwa uchi, na hakuambii kwa nini anauliza, una haki ya kumuuliza "swali hili linasaidiaje?" na una haki ya kuinuka. Maswali ya kikazi yanaelezeka siku zote, kwamba nakuuliza kama una maumivu mwanzoni au ndani kwa sababu sababu zake ni tofauti. Malalamiko dhidi ya madaktari yanapokelewa na mganga mfawidhi wa hospitali, na juu yake kuna Baraza la Madaktari Tanganyika.

Kungwi au hospitali

Nawaheshimu makungwi na sitaki mtu asome hii akadhani nawatukana. Kungwi ana kitu ambacho hospitali zetu hazina, ana muda. Anakaa na mwari siku nzima, anaongea bila kuzunguka, anamfundisha mwili wake, anamwambia tendo ni lake pia. Bi Kidude wa Zanzibar aliyefariki Aprili 2013, dunia inamjua kwa uimbaji lakini alikuwa pia mtu wa unyago, na waliopita kwa makungwi wa aina hiyo walitoka wakijua vitu ambavyo msichana wa chuo leo havijui. Kwa ile ngazi ya kwanza, ruhusa, kungwi au somo mwenye busara anaweza kumshinda dokta. Kwa binti anayekaribia kuolewa ambaye ana woga tu na hana maumivu yoyote, mwambieni aende.

Lakini kungwi haoni mlango wa kizazi. Na mafundisho mengi siku hizi, hasa haya ya kitchen party za harakaharaka, yamegeuka yote ya kumridhisha mume, mwanamke akisema inauma anaambiwa vumilia utazoea. Mpaka hapo mi natoka. Maumivu sio mafunzo. Na pia kuna habari ya vitu vya kubana. Shabu, majani ya kuweka ndani, vidonge vya kuingiza, kujisafisha na sabuni na maji ya ndimu, vinawekwa ili uke uwe mkavu na umebana. Shabu inachoma ile ngozi laini ya ndani, inaua bakteria wazuri wanaoulinda uke, ukiwa mkavu unachubuka kwenye tendo, na michubuko ni mlango wa magonjwa ya zinaa ikiwemo HIV. Watu wanaanza navyo kwa kupenda, baada ya miezi wanatokwa uchafu wenye harufu, wanaweka tena ili kuondoa harufu, wanazidi kuharibika. Kama umekuwa ukitumia, acha, na mwambie nesi ulitumia nini na kwa muda gani, usimfiche, kwa sababu ndo atajua kwa nini dawa ya fangasi aliyokupa mara ya kwanza haikufanya kazi.

Duka la dawa na simu

Duka la dawa lina faida moja, liko karibu na halikuulizi maswali. Hiyo hiyo ndo hasara yake. Kwa jeli ya maji ya kulainisha na kondomu, nenda, hakuna shida, ila usitumie vaselini au mafuta ya nazi pamoja na kondomu ya mpira kwa sababu mafuta yanailegeza inapasuka. Kwa kutokwa uchafu na muwasho watu wananunua Flagyl na dawa ya fangasi kwa kubahatisha, mara mbili mara tatu, na Flagyl haitibu fangasi, wala dawa ya fangasi haitibu yale maambukizi ya bakteria au trikomonasi, ambayo ni ugonjwa wa zinaa, halafu kuna vingine lazima na mume atibiwe ama sivyo mnarudishiana. Ukishanunua mara moja haijaisha, acha duka nenda kituoni. Na vidonge vya kuongeza hamu vya wanawake vinavyouzwa bila hata jina la kiwanda, mi nasema hapana moja kwa moja.

Kwenye simu kuna madokta wanaojibu kwa WhatsApp na kurasa za Instagram zenye wafuasi kibao. Kwa kupata maelezo, kwa yule aliye kijijini au ambaye aibu imemkaba, ni mwanzo mzuri na simdharau mtu anayeanzia huko. Pia kuna namba ya Wizara ya Afya, 199, unapiga bure. Ila angalia, dokta wa kweli mtandaoni anakwambia njoo upimwe, asiyekuwa dokta anakwambia tuma hela nikutumie mzigo. Na usimtumie mtu picha ya sehemu zako za siri, hata akikushawishi vipi kwamba ni kwa ajili ya kupima, hujui simu ile inashikwa na nani.

Uende peke yako au na mume

Mara ya kwanza nenda peke yako. Nasema hivi hata kama mume wako ni mwema sana, kwa sababu kuna maswali lazima uyajibu ukiwa huru, kama uliwahi kutoa mimba, kama kuna mtu mwingine, kama unapigwa, kama unalazimishwa. Dokta akikuuliza mbele yake utajibu yale ya kumlinda. Mara ya pili, kama shida inamhusu, mwite. Kwa wale wa misuli kukaza mume ni sehemu ya matibabu, akielewa kwamba mke hamkatai ndo presha inashuka. Kwa maambukizi ya zinaa ni lazima. Na kama ni yeye mwenye shida ya nguvu, usimtafutie dawa kwa siri umuwekee kwenye chai jamani, kwa mwenye matatizo ya moyo dawa zile ni hatari, na nguvu kupungua inaweza kuwa dalili ya kisukari au presha.

Maneno ya kuanzia, chukua utakayoyaweza. Kama dokta ni mtu mzima, baada ya shikamoo sema "Dokta nina jambo la tendo la ndoa naomba nikuulize kabla hatujamaliza." Au "nikikutana na mume wangu naumia, ni mwanzoni anapoingia", au "ni ndani." Kama kutamka kunashindikana kabisa, andika kwenye karatasi au kwenye simu umpe asome, wamezoea. Mambo ya kwenda nayo kichwani ni lini ilianza, inauma wapi, hedhi ya mwisho lini, njia ya uzazi unayotumia, na dawa zote unazokunywa, nasema zote, kwa sababu dawa za sonona kama fluoxetine zinaweza kushusha hamu na kuchelewesha kufika, na baadhi ya dawa za presha nazo zinagusa. Ila usiziache mwenyewe, dokta ndo akubadilishie.

Na ukipewa rufaa, kabla hujatoka mlangoni uliza kliniki ya kinamama ni siku gani na wanaanza saa ngapi kutoa namba, maana hospitali nyingi bingwa ana siku zake, na ukienda Jumatano kumbe kliniki ni Alhamisi utarudi nyumbani na ile shida na safari hii utachelewa kurudi.